Bi Mtetemeko na Mlima Ulionyamaza

Wasikilizaji wapendwa, leo sina muziki wa kufungulia. Tunamkumbuka mtaalamu wa volkano, yule ambaye mji mzima ulimwita Bi Mtetemeko. Naye alicheka tu, akasema afadhali jina hilo kuliko la ubatizo.

Alitufundisha somo moja. Mlima ukitetemeka, shukeni. Ukitulia, rudini. Watoto waliliimba. Likaandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa shule. Ndivyo wataalamu walivyojua wakati ule, na somo hilo lilituokoa mara mbili.

Kisha vipimo vipya vikaonyesha jingine. Mlima unaweza kunyamaza kwa sababu koo lake limeziba, na gesi inajazana chini. Kimya kinaweza kuwa hatari kuliko mtetemeko. Alizunguka akilieleza hilo, tukasema Bi Mtetemeko amezeeka.

Mwezi uliopita mlima ulitetemeka. Tukashuka. Ukanyamaza. Tukarudi, tena tukimshukuru yeye.

Alipanda mlimani kutuonya na gari la kituo chao cha volkano, kipaza sauti juu. Akafika kwa mdogo wake, fundi seremala, aliyekuwa juu ya paa akigongelea bati.

"Dada, usitubabaishe," fundi alimwambia. "Si wewe uliyetufundisha ukitulia turudi? Leo unageuka?"

"Nageuka, ndiyo. Nililokufundisha halitoshi tena. Shuka!"

Fundi akacheka, akachukua msumari mwingine.

Mkewe hakucheka. Alipakia watoto, gari likajaa majirani, wakashushwa hadi mjini salama. Anasimulia mwenyewe: "Nilimshika wifi mkono, nikamwambia inatosha. Akasema, 'Deni la maneno yangu nitalilipa mwenyewe. Kichwa ngumu yule nilimfundisha mimi.' Akageuza gari."

Mlima ulilipuka kabla hajarudi mjini. Waokoaji waliwakuta wote wawili ndani ya gari, mlango wa gari upande wa fundi umefungwa vizuri. Alikuwa ameshakubali kushuka. Inauma, wasikilizaji. Inauma sana.

Kwa wifi yake, kwa watoto, kwa wenzake wa kituoni: poleni. Msiba huu ni wetu sote, na aibu pia ni yetu.

Ukuta wa shule bado umesimama, na maandishi mekundu yanasomeka chini ya majivu. Nusu yake ni uongo sasa. Tuifute wenyewe. Na siku mtaalamu akija mlangoni kwako kusema alichokufundisha zamani kimebadilika, usimcheke. Panda gari.