Cyril Tansley, Mshonaji wa Upande wa Mbele

Baada ya miaka thelathini na minane na nusu ya utumishi, Bwana Cyril Tansley, mpiga picha na mbunifu wa mavazi wa Ukumbi wa Maigizo wa Marigold hapa Morecambe, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 27 Machi 1987. Bodi iliniomba niandike wasifu wake kwa sababu nimempigia pasi kwa miaka sita, na pia, kama alivyosema mwenyekiti wetu Bi Maureen Fairclough, kwa sababu siku hizi sina neno baya juu ya mtu yeyote. Ni kweli. Nina wiki tano tangu niolewe.

Bwana Tansley aliajiriwa Septemba 1948 kupiga picha za kuwekwa kwenye kabati la kioo pale mlangoni. Wakati huo nguo zilinunuliwa kwa kuponi za mgao wa baada ya vita, na kitambaa kilichopatikana kilitosha nusu ya waigizaji. Wengine wangevalisha nusu ya watu. Yeye aliwavalisha wote, nusu ya mwili: alishona upande wa mbele tu, nyuma akabana kwa vibanio vya kamba ya kuanikia. Kamera haikuona kitu. Picha zilipendeza mno hata Bodi ikampa na kazi ya mavazi siku hiyohiyo.

Mwaka uliofuata kuponi zilifutwa, lakini Bwana Tansley hakubadili chochote. Kwa maoni yake, nyuma ya mtu ni mahali pa kupita tu.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa ule mtindo ambao wahakiki wameuandikia kurasa nyingi. Mwigizaji wa Marigold hageuki. Huingia kifua mbele, hutoka kinyumenyume, na akipendana na mtu humpenda akiwa amesimama ubavuni pake, wote wawili wakiitazama hadhira. Mwaka 1954 kulikuwa na mfalme aliyepaswa kuchomwa kisu mgongoni. Kwa kuwa mfalme hakuwa na mgongo wa kuonyesha, muuaji alimjia kwa mbele, akainamisha kichwa, mfalme akafumba macho kwa hiari yake, na kazi ikaendelea. Mhakiki kutoka Manchester aliandika kwamba hajawahi kuona kifo chenye adabu kama kile. Kijana wetu mmoja alikwenda London kujaribiwa, akashindwa vibaya, akaaga na kutoka kinyumenyume kama alivyozoea. Wakamwita arudi, wakampa nafasi ya mtumishi wa malkia, ambaye haruhusiwi kumpa malkia mgongo. Anayo mpaka leo.

Ajali ilitokea mara moja tu, mwaka 1961. Jenerali mmoja, kwa hasira ya mchezo, aligeuka. Ukumbi mzima ukaona vibanio kumi na vinne na suruali ya ndani ya sufi. Mama mmoja wa safu ya mbele akapaza sauti, “Wee Jenerali, nusu yako umeiacha kwa mkeo?” Bwana Tansley, aliyesimama pembeni na kamera, alijibu kwa utulivu, “Kosa si la vazi, kipenzi. Kosa ni la aliyegeuka.” Kila mtu kwake ni kipenzi, hata mtu wa posta, hata mkaguzi wa moto.

Picha zake ndizo fahari yetu. Kuna watu wa mji huu waliozitazama pale mlangoni kwa miaka ishirini, wakaridhika, wakaenda zao kula samaki na chipsi bila kuingia ndani hata mara moja.

Kisha Oktoba iliyopita Bodi ikatangaza kwamba jukwaa litahamishiwa katikati, hadhira ikae pande zote nne. Bi Fairclough alisema ni maendeleo. Bwana Tansley alilitazama lile jukwaa kutoka kila upande, akaandika barua yake ya kustaafu alasiri ileile. Aliniambia, “Mimi sijui mgongo, kipenzi. Nina miaka sitini na minne, na sijawahi kushona hata mmoja.” Sijapata kumwona mnyonge namna ile.

Wiki hiyohiyo, Gareth wa taa (mume wangu Gareth, nisameheni, bado nayapenda maneno hayo) alinichumbia juu ya ngazi. Kesho yake nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Tansley na kumwomba anishonee gauni la harusi.

Alinipima mbele mara mbili. Sikuambiwa nigeuke.

“Bwana Tansley,” nikamwambia, “kanisani nitawapa watu mgongo dakika arobaini.”

“Mwambie kasisi ahamie mlangoni.”

“Hahami.”

“Basi kanisa hilo limejengwa vibaya.”

Watu walinishauri niende dukani. Mama yangu, mwanamke asiyependa kushtukizwa, alinunua vibanio vyeupe ili angalau vifanane na gauni. Mimi nilikataa kwenda kwa mwingine. Ningefunga ndoa na nusu gauni, lakini nusu hiyo iwe ya Tansley.

Miezi miwili alijifungia. Tulisikia cherehani, kimya, halafu kitambaa kikichanwa. Alinunua makoti matatu ya watu wasiojulikana, akayafumua ili aone wenzake hufanyaje. Aliyekuwa na ujasiri wa kugonga mlango alijibiwa, “Niache, kipenzi, nimefika mabegani!”

Asubuhi ya tarehe 21 Februari aliniletea gauni mwenyewe, macho mekundu, akaniambia nigeuke. Nyuma palikuwa na vifungo arobaini na viwili, kuanzia shingoni mpaka kiunoni, kila kimoja kimefunikwa kwa kipande cha vazi la zamani: mahameli ya yule mfalme, kitambaa chekundu cha Jenerali, hariri za malkia wetu wote. Mama yangu alirudisha vibanio mkobani na kulia. Gareth naye alivilalamikia vile vifungo baadaye kwa sababu zake mwenyewe.

Kanisani sikuona kitu isipokuwa Gareth. Nyuma yangu nilisikia watu wakinyanyuka kwenye viti ili waone vizuri, halafu sauti ya kamera. Picha hiyo iko kwenye kabati la kioo pale mlangoni. Haina uso wa mtu. Ndiyo picha pekee katika miaka thelathini na minane na nusu ambayo Bwana Tansley amepiga kutoka nyuma, na wapitao huuliza kama mchezo huo bado unaonyeshwa.

Asante, Bwana Tansley, kwa kila kitu ulichotushonea, pamoja na ulichochelewa kutushonea. Tunakuombea pumziko jema, afya, na upepo wa bahari usioingia kwenye mishono. Tuna ombi moja. Ninyi mlioshika karatasi hii mnajua kwamba yeye pia hutoka kila chumba kinyumenyume, mkono mmoja mgongoni. Leo, kipenzi, hotuba zikiisha, geuka. Toka ukitupa mgongo. Gareth ameshaelekeza taa mlangoni, na kamera ninayo mimi.