Marlys Tollefson Aliyekataa Kuaminiwa kwa Haraka

Ijumaa ya tarehe 30 Mei, Bi. Marlys Tollefson atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia Kaunti ya Birkeland kwa miaka thelathini na mmoja akiwa naibu karani anayesimamia uchaguzi. Amefanya kazi chini ya makarani wakuu watano, na kila mmoja wao aliamini kwamba yeye ndiye anayeiongoza ofisi. Marlys hakuona sababu ya kuwavunja moyo.

Alitoka kiwanda cha jibini, alikokuwa akipokea simu, akaja hapa kwa muda tu kushika nafasi ya mama aliyekwenda kujifungua. Mama yule aliporudi alikuta mwenzake ameshapanga upya makabati yote, na hakuna aliyejua kitu kiko wapi ila Marlys. Ikabidi wote wawili wabaki. Mtoto aliyezaliwa siku zile sasa ana ndevu, na bado hatujui vizuri mpangilio wa makabati hayo.

Kahawa yake tutaisema kidogo, maana haki lazima itendeke. Ni nyepesi mno. Mgeni mmoja kutoka Madison, makao makuu ya jimbo letu, alidhani amepewa chai, akaomba limau.

Si siri kwamba watu wa Birkeland hawaiamini serikali, na hawabagui serikali ipi. Wa Washington ni wezi, wa Madison ni wezi waliosogea karibu, na sisi wa jengo la kaunti ndio tunaokula kodi zao tukiwa tumekaa kwenye viti vya magurudumu. Idara ya wanyamapori ikitangaza idadi ya kulungu waliomo msituni, wawindaji hucheka mpaka wakashika mbavu. Marlys hakuwahi kukasirishwa na hali hiyo. Sote tulioajiriwa baada yake alitwambia kwamba mtu anayekushuku angalau anakutazama, na kwamba tuwaogope zaidi wale wasiojisumbua hata kuuliza.

Kabla ya kila uchaguzi alitangaza gazetini siku ya kujaribu mashine za kuhesabia kura, akawaalika wananchi wote waje kushuhudia. Kwa miaka mingi alikuja mwananchi mmoja tu: Mzee Orville Prochnow, fundi mstaafu wa matrekta, mwenye bisibisi mfukoni na maswali kichwani. Kila mara aliomba kuifungua mashine kwa nyuma. Kila mara alikataliwa kwa upole na kuwekewa kiti mahali ambapo angeona vizuri. Akiondoka, alisema bado hajaridhika.

Halafu, miaka michache iliyopita, ukaja ule uchaguzi wa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti. Mpwa wake Orville, kijana Trent, aligombea na kushindwa kwa kura chache sana. Ijumaa iliyofuata, kwenye klabu yetu ya chakula cha jioni, wakati kaunti nzima imekaa kula samaki wa kukaanga kama ilivyo desturi yetu, Orville alisimama na sahani mkononi akatamka wazi kwamba Marlys amemwibia Trent ushindi. Marlys alikuwa meza ya pili kutoka kwake, pamoja na mumewe Duane. Kilichomuumiza, alitueleza Duane baadaye, si maneno ya Orville. Ni watu aliosoma nao tangu utoto, aliosimamia ubatizo wa watoto wao, kuinamisha macho kwenye sahani zao badala ya kumtetea. Alilia ndani ya gari mpaka nyumbani. Tuliokuwa naye Jumatatu tulimwona akiingia ofisini, na kwa mara ya kwanza tulimsikia akisema kwamba labda wakati wake wa kuondoka umefika, na ataondoka akiitwa mwizi.

Trent aliomba kura zihesabiwe upya kwa mkono, kama sheria inavyomruhusu, na kazi ikaangukia wiki ya kuelekea ufunguzi wa msimu wa kuwinda kulungu. Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kuelezwa maana yake. Jumamosi ile ya ufunguzi hapa hakuna harusi, na ukifa ni vyema ufe Jumatano. Marlys mwenyewe hajawahi kuikosa tangu utoto, na ni mlengaji hodari wa familia. Duane, tunayempenda sana, amewahi kuupiga risasi mti uleule misimu miwili mfululizo. Orville naye, kwa maelezo yake, aliwahi kuahirisha kulazwa hospitali ili asiikose.

Orville ndiye aliyemwakilisha mpwa wake mezani. Kila alipokohoa kwa shaka, Marlys aliliamuru rundo zima la karatasi lirudiwe kutoka mwanzo. Mzee alikohoa sana wiki ile, na si kwa mafua. Ijumaa alasiri zilikuwa zimebaki kura za mji mmoja tu, mkubwa kuliko yote. Wahesabuji tayari walikuwa wamevaa fulana za uwindaji za rangi ya chungwa chini ya sweta zao. Hata wakili wa upande wa pili alikuwa akichungulia dirishani mara kwa mara. Hapo Orville akainuka, akachukua kofia yake.

"Marlys, malizeni tu wenyewe. Mimi naenda. Nakuamini."

Neno hilo tulilingoja miaka. Nakiri mkono wangu ulishafika kwenye koti. Lakini Marlys alivua miwani, akamtazama.

"Unaniamini, au unamuwahi kulungu?"

Orville aliizungusha kofia mkononi. "Vyote viwili."

"Basi kaa chini. Jumatatu kulungu atakuwa kwenye friza, na wewe utakuwa klabuni unawauliza watu tulifanya nini ulipotoka. Umenivunjia jina mbele ya sahani yangu, Orville. Sitaki uniamini. Nataka uone."

Ukumbi mzima uliguna. Orville aliketi. Jioni mifuko ilifungwa kwa lakiri mbele yake, na Jumamosi asubuhi tulikuwa mezani tena, sisi peke yetu katika kaunti nzima, tukisikia bunduki zikilia kutoka msituni. Kila mlio, vichwa viliinuka na hesabu ikapotea, na Marlys akasema turudie. Nimelelewa kwenye msemo wa haraka haraka haina baraka, lakini siku ile niliuchukia kwa moyo wangu wote.

Trent alishindwa tena, na safari hii kwa pengo lililozidi lile la mwanzo kwa kura chache. Orville alivaa kofia yake akaondoka. Ila, mgala muue na haki umpe: Ijumaa iliyofuata alisimama palepale klabuni bila kuombwa, akangoja watu wanyamaze.

"Nilikuwepo. Nimeziona moja moja. Trent kapigwa."

Akaketi, akaendelea kula. Hakuomba radhi na hajaomba mpaka leo. Lakini watu waligeuka kumtazama Marlys usoni, na wawili watatu wakaja mezani kwake kumshika mkono. Ndipo akavuta barua yake ya kuacha kazi kutoka mkobani, akampa Duane afutie mafuta ya samaki.

Wiki iliyopita Orville alikuja kwenye keki ya kumuaga. Kwa kuwa mimi ndiye nitakayekaa kwenye kiti cha Marlys, nilimpa mkono nikitarajia neno la baraka.

"Marlys namwamini," alisema. "Wewe, mwanangu, sijakuona ukifanya kazi."

Nilimgeukia Marlys anitetee. Alikuwa akicheka, kisha akaacha kucheka, akanishika bega.

"Funguo nimekuachia, Jolene. Kuaminiwa siwezi kukuachia."

Asante, Marlys, kwa miaka yote hiyo na kwa jina safi ulilolilinda, lako na letu. Tunakuombea macho makali, magoti yasiyouma na Novemba nyingi za msituni bila sisi kukusumbua kwa simu. Jaribio lijalo la mashine litatangazwa gazetini kama kawaida, na utakaa upande wa wananchi, karibu na Orville. Njoo, nakuomba. Na usiniamini mpaka uone.

Jolene Wachholz
Ofisi ya Karani wa Kaunti