Maisha ya Priscah Jepchirchir, Muuguzi na Mkusanyaji wa Makombora ya Majaribio

Marehemu dada yetu Priscah alizaliwa Kapsowar tarehe 14 Aprili 1968, akiwa kifungua mimba wa wazazi wetu, Mzee Kiplagat na Mama Tabitha. Alisoma huko huko, kisha akasomea uuguzi Eldoret. Mwaka 1994 alifunga ndoa na Evans Onyancha, wakajaliwa watoto wawili. Walihamia Texas mwaka 2003 na kufanya makao Stafford. Priscah aliuguza wagonjwa wa figo hadi alipozidiwa.

Mwaka 2017 mgonjwa wake mmoja, mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye uwanja wa majaribio wa jeshi, alimpa mshale wa chuma wenye mapezi. Ulikuwa kiini cha kombora la kifaru lililojaribiwa, likakataliwa. Priscah hakuwahi kushika bunduki, lakini kitu kile kilimshangaza mno. Akaanza kukusanya makombora mengine, yaliyotolewa baruti, na kuyatambua kwa rangi, alama na vipimo. Shemeji Onyancha akaegesha gari nje, gereji ikawa ya makombora.

Mwaka 2019 nilimsindikiza Fort Worth kwenye maonyesho ya wakusanyaji. Ukumbi ulijaa, watoto wakicheza kati ya meza. Akainua kombora moja kwenye meza ya muuzaji mmoja. Lilikuwa zito kupita kiasi, na tundu la kutolea baruti halikuwapo. Akalirudisha mezani polepole, kama anayelaza kichanga.

“Hili bado lina baruti,” akamwambia muuzaji. “Tuwatoe watu.”

Muuzaji akacheka. “Mama, nimelibeba kwenye gari langu miaka mingi.”

“Basi Mungu amekutunza. Tuwatoe watu.”

Alisimama mlangoni mpaka mtoto wa mwisho akatoka. Wataalamu wa polisi walipolipima, walikuta kweli limejaa.

Njiani nikamuuliza, “Dada, hukuogopa?”

“Niliogopa, Jelagat. Lakini uliona lilivyochongwa? Binadamu ana akili ya ajabu, hadi inatisha.”

Januari 2020 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alitulia kuliko sisi sote. Alituacha nyumbani kwake, Jumapili tarehe 21 Juni 2020, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, Evans. Watoto, Kerubo na Momanyi. Mimi mdogo wake. Na mama yetu Tabitha, ambaye korona imemzuia kusafiri na sasa anatutazama kwa simu kutoka Kapsowar.

Mama, tumemvika vizuri. Hayuko peke yake.

Mola ampumzishe dada yetu kwa amani.