Raphaeli Siwale, Mwalimu wa Ngumbaru (1951–2014)

Ndugu waombolezaji, mtanivumilia. Nasoma polepole, na wanangu nimewakatalia wasinisomee. Maneno ni yangu, Danford ameyaandika tu.

Mwalimu Raphaeli Siwale alizaliwa Msangano tarehe 14 Machi 1951. Alihitimu darasa la saba mwaka 1968, na mwaka 1974 akaanza kufundisha ngumbaru, yaani watu wazima wanaoanzia a, e, i, o, u. Miaka ya themanini madarasa yale yalipodorora, yeye aliendelea kwenye kibaraza cha kanisa, akitoka shambani na matope ya mpunga miguuni.

Mwaka 1986 alinioa mimi, Ngolo, binti wa wafugaji. Sikuijua hata a. Alinisihi niingie darasani, nikamjibu, "Baba, mimi siitwi ngumbaru mbele za watu." Kwetu lilikuwa neno la kuchekwa. Basi akaanza kulitafutia asili, anionyeshe kwamba si tusi. Wazee wa Kinamwanga walisema si lao. Wasukuma wenzangu vilevile. Akapanda gari hadi Tunduma kumuuliza Mzee Makame, muuza vitenge aliyetoka Pwani. Mzee akacheka. "Mwalimu, hata sisi tulilikuta tu. Mama yangu alikuwa ngumbaru, na barua zake ninazo mpaka leo." Yote akayaandika kwenye daftari. Mimi nikaendelea na ukaidi wangu miaka ishirini na sita.

Mwaka 2012 kisukari kilimwondolea macho, akawa hawezi tena kusoma. Ndipo nikamwambia anifundishe. Alinifundisha akiwa kitandani, akinichorea herufi kiganjani kwa kidole. Aliomba jambo moja tu, nimsomee ukurasa mzima. Baadaye figo nazo zikashindwa, akafariki hospitalini Vwawa tarehe 9 Februari 2014, nikiwa nimefika nusu. Inaniuma, sitawaficha.

Jana nilifungua daftari lile. Chini ya jibu la Mzee Makame ameandika: "Asili sijaipata. Ngolo akifika hapa, aniambie kama neno hili bado linamuudhi." Nililia, kisha nikamwita Danford tuandike.

Marehemu ameacha mjane, ambaye ni ngumbaru, watoto wawili, Danford na Getruda, na wajukuu watano.

Mungu ampumzishe kwa amani. Mwalimu, ukurasa mzima ndio huu.