Fundi Vuka na Doa la Darini

Marehemu, fundi rangi ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Vuka, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa nne wa muuza vyombo na mlinzi wa stoo. Alikuwa mtoto wa maswali. Mama yake alikuwa akisema huyu alimuuliza hata mkunga anampeleka wapi.

Alisoma shule ya msingi jirani na kiwanda hicho hadi mwaka 1966. Hesabu zilimpiga chenga, lakini ubao wa darasa ulipochakaa ni yeye aliyepewa brashi.

Mwaka 1968 alianza kazi ya rangi, na utaratibu wake haukubadilika maisha yake yote. Kabla ya kufungua kopo alivuka barabara, akasimama ng'ambo, akaitazama nyumba nzima. Wenye nyumba walidhani anakimbia kazi. Yeye aliwaambia kwamba aliye ndani anaona ukuta tu. Ndiko lilikotoka jina la Vuka.

Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na mpishi wa hospitali ambaye alikutana naye alipokuwa akipaka rangi jiko la hospitali hiyo. Mjane wake anasimulia kwamba jiko lile lilipakwa mara tatu, na mara mbili za mwisho hakuna aliyemwagiza.

Kazi yake ya mwisho ndiyo iliyowavuruga wote, nyumbani na shuleni. Mwanzoni mwa mwaka huu shule moja ilimwomba achore galaksi yetu kwenye dari ya maktaba, na aweke doa jekundu kuonyesha tulipo. Mwalimu wa sayansi alimpa picha ya duara lenye mikono iliyojikunja. Fundi akauliza aliyeipiga alisimama wapi. Mwalimu akamweleza kwamba hakuna aliyeipiga, ni mchoro uliotokana na vipimo. Jua letu ni nyota moja kati ya mabilioni kwa mabilioni, nasi tumo humo humo, mbali na katikati. Ule utepe mweupe uonekanao angani, ambao watu huuita Njia ya Maziwa, ndiyo galaksi yenyewe ikitazamwa kutokea ndani.

Fundi alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka. Alitaka kujua hiyo njia inakwenda wapi, na maziwa yalimwagwa na nani. Mkewe akamwambia ale kwanza, chakula kinapoa. Lililomnyima raha hasa ni kwamba hapa hapakuwa na ng'ambo ya kuvukia. Binti yake mkubwa, mshonaji, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu, alimshauri anakili ile picha yaishe. Alimtazama binti kana kwamba amemtuma kupaka nyumba ambayo hajaitazama.

Mwezi Agosti, siku chache baada ya kushuka ngazi za maktaba kwa mara ya mwisho, alilazwa, moyo ukiwa umechoka. Alimshika binti yake mkono.

"Doa nimeshaweka, mama. Usikubali waseme nimeacha kazi njiani."

Alifariki alfajiri ya tarehe 2 Septemba, mkewe akiwa kando yake.

Juzi binti alikwenda kwenye maktaba. Darini hapakuwa na duara wala mikono. Palikuwa na utepe mweupe uliokatiza kutoka ukuta hadi ukuta, wenye mabaka meusi kama moshi, na nyota zisizohesabika. Doa halikuwepo. Mwalimu alipanda ngazi, akapekua kila pembe, akashuka. Alisema kwa upole kwamba labda ugonjwa ulimchanganya mzee.

Neno hilo lilimchoma binti. Angesimama vipi mbele yenu kutetea kazi ambayo yeye mwenyewe haielewi? Akakaa chini palepale. Ndipo alipoliona doa, jekundu, la ukubwa wa kifungo cha shati, sakafuni, kando ya kiatu chake.

Alilala chali karibu nalo, akalia, akautazama ule utepe kwa muda mrefu kutokea hapo tulipo, ndani yake. Mwalimu naye akaja akalala upande wa pili.

Marehemu ameacha mjane, binti huyo, vijana wawili mapacha, wajukuu saba, na swali la njia inakwenda wapi, ambalo nyumbani hakuna anayeweza kulijibu.

Doa aliliweka. Kazi aliimaliza. Sasa apumzike.