Alvina Chasing Crow na Dakika Arobaini

Ndugu, jamaa na majirani mliofika leo tarehe 20 Januari 1995, barabara ikiwa bado haijasafishwa vizuri, tunawashukuru. Tunayemzika ni Alvina Chasing Crow, binti wa Silas na Agatha Good Elk. Alizaliwa tarehe 11 Machi 1931 katika nyumba ya magogo pale Kijito Cheusi, upande wa magharibi wa ardhi ya kabila letu la Lakota. Theluji ilikuwa imeziba mlango siku hiyo, babu yake akapita dirishani kwenda kumwita mkunga. Mkunga alipofika, mtoto alikuwa ameshamtangulia na analia kwa sauti iliyosikika hadi zizini. Sauti hiyo ndiyo iliyompa kazi na chakula maisha yake yote.

Mwaka 1938 aliondolewa nyumbani, akapelekwa shule ya bweni ya watawa. Alikatwa nywele siku ya kwanza na kukatazwa lugha yake. Mambo ya huko hakupenda kuyasimulia, na sisi hatutayasimulia kwa niaba yake. Kisa kimoja tu alikipenda. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu alimjibu mtawa mmoja kwa Kilakota, akapewa adhabu ya kufagia ofisi mwezi mzima. Ndani ya ofisi hiyo palikuwa na ubao wa kuunganishia simu, na mtawa aliyeusimamia alikuwa mzito wa kusikia. Kufikia mwisho wa mwezi Alvina ndiye aliyekuwa akiunganisha simu za shule nzima, mtawa akisinzia kando yake. "Waliniadhibu kwa kusema, wakanipa kazi ya kusema," alizoea kutuambia. Alimaliza shule Juni 1948.

Kampuni kubwa ya simu, yenye makao yake mbali sana na huku, ilipofungua kituo Kijito Cheusi mwaka 1951, Alvina aliajiriwa siku ya pili. Kwa miaka kumi na miwili aliunganisha simu kwa mkono. Alijua nani mjamzito, nani amegombana na nani, na hakuwahi kutoboa siri ya mtu. Ilipokuja mitambo inayounganisha simu yenyewe mwaka 1963, wenzake waliachishwa kazi, yeye akabakizwa kuwa mtunzaji wa kituo. Alifuta vumbi, akaandika hitilafu daftarini, na kila mwezi akapima betri za akiba zinazoendesha kituo umeme unapokatika. Shemeji yake Wendell hakuacha kumtania.

"Shemeji, umeolewa na kaka yangu au na hicho kibanda?"

"Kibanda hakikoromi," alimjibu. "Na hakina ndugu wa kuja kula kwangu."

Alifunga ndoa na Emmett Chasing Crow tarehe 9 Agosti 1952, wakajaliwa watoto wawili, Coleen na Raymond. Emmett alifariki mwaka 1987. Coleen aliolewa mwaka 1976 na Loren Swift Cloud, kijana aliyekuja kuwa wakili wa kabila. Alvina alimpenda mkwe wake kuliko alivyokubali kuonyesha, na kwa adabu yetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawasemezani wala hawatazamani usoni. Waliishika adabu hiyo miaka kumi na minane bila kuteleza. Loren akiingia jikoni, Alvina alivuta shali kichwani na kuligeukia jiko. "Wewe birika," angesema, "kuna mtu ana njaa hapa na mkate wa kukaanga uko chini ya kitambaa." Naye Loren angemwambia mbwa kwamba mkate ni mtamu, na kwamba kuna mtu kuni zake zimepungua, kesho zitaletwa. Mbwa yule alikufa akiwa anajua siri nyingi za familia hii.

Sasa tunafika pale ambapo tungependa kupita haraka, lakini mwenyewe asingeturuhusu.

Kuanzia mwaka 1989 betri za kituo zilianza kuvimba. Zilitakiwa kushika kwa muda wa saa nane. Alvina alizipima, akakuta zinashika dakika arobaini. Aliiandikia kampuni kubwa barua kumi na moja na hakuja mtu. Kwa hiyo kampuni ya simu ya kabila, iliyokuwa ikihudumia upande wa mashariki tangu mwaka 1977, ilipokubaliana na kampuni kubwa kukinunua kituo chetu, Alvina alilia kwa furaha. Ahadi ya kwanza ya wanunuzi ilikuwa betri mpya kabla ya majira ya baridi. Kilichobaki ni idhini ya tume ya jimbo inayosimamia huduma za simu, kwa sababu nyaya za kituo hiki zinavuka mpaka wa ardhi ya kabila na kufika kwa wafugaji wa Kizungu, nao waliweka wakili wa kupinga. Hawakutaka simu zao ziwe mikononi mwetu. Walilisema kwa maneno marefu zaidi, lakini ndilo walilosema.

Kikao cha kusikiliza ombi kilifanyika tarehe 6 Septemba 1994 katika mji mkuu wa jimbo. Wanunuzi walitakiwa kuthibitisha kwamba wanaijua hali ya mitambo wanayoinunua. Mtu wa kampuni kubwa alikwisha kuapa kwamba hana taarifa za betri. Aliyekuwa nazo ni Alvina peke yake, na ilipangwa aulizwe na wakili mkuu wa kabila. Asubuhi hiyo wakili mkuu akalazwa hospitali, tumbo linapasuliwa. Aliyebaki mezani ni Loren.

Alvina aliapishwa, akaketi, akavuta shali. Loren alisimama akitazama dirisha.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba maswali yangu yapitie kwa mtu mwingine. Mke wangu yupo hapa, anaweza kuyasoma."

"Mke wako ni wakili?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi kwa nini usimuulize shahidi mwenyewe?"

"Ni mama mkwe wangu."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mwenyekiti naye alicheka. "Hata mimi ninaye mmoja, wakili. Jikaze."

Loren hakucheka. Aliuliza akiliambia dirisha: umeme ukikatika, betri za Kijito Cheusi zinashika muda gani? Alvina alikwisha kufungua mdomo ili aliambie jibu gudulia la maji lililokuwa mbele yake, kama alivyozoea kuliambia birika, mwenyekiti akagonga meza. Hapa si mahali pa michezo, alisema. Wakili amtazame shahidi, shahidi amtazame wakili, amjibu yeye.

Loren aligeuka. Tuliokuwepo tuliona masikio yake yakiwa mekundu. Alimtazama mama mkwe wake usoni na kurudia swali. Alvina alifunika uso wote kwa shali na hakutoa neno. Kumjibu pale kungekuwa kumvua nguo mkwe wake mbele ya wageni, na hilo hakuliweza. Wakili wa wafugaji alipopewa nafasi alisema tu, "Sina swali kwa shahidi huyu." Karani akaandika kwamba shahidi amekataa kujibu.

Njiani kurudi Alvina akamwambia Coleen, "Nimeona haya, mwanangu, na haya yangu yataua mtu."

"Mama, usiseme hivyo. Tutaleta jibu lako kwa maandishi."

Waliliandika, likarudishwa. Muda wa kupokea ushahidi ulikuwa umekwisha. Tarehe 22 Novemba tume ilikataa ombi, kwa sababu wanunuzi hawakuthibitisha kuijua hali ya mitambo. Kabila liliomba ombi lisikilizwe upya, likapangiwa tarehe 21 Februari, na safari hii wakili mwingine ndiye angemuuliza. Alvina alihesabu siku zilizobaki kwenye kalenda ya jikoni. Alihesabu pia kila theluji iliyoanguka. Alibandika ukutani kando ya simu karatasi yenye majina kumi na saba ya watu ambao wasingevumilia kukaa bila simu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza mara mbili ni ya nini.

Alikuwa na kisukari tangu mwaka 1986, na moyo ulianza kumsumbua miaka miwili iliyopita. Jumamosi tarehe 14 Januari upepo ulianza asubuhi na theluji ikaja nao. Coleen na Loren walikuwa wamemletea kuni, Loren akibaki jikoni kama kawaida na mlango wa chumba ukiwa wazi nusu. Saa nane na dakika tano mchana umeme ulikatika. Alvina aliitazama saa ya ukutani, akainuka kwenye kiti chake na kwenda kwenye simu.

Alipiga kwa kufuata karatasi. Alimpigia binti wa akina Red Bow aliyekuwa na mimba ya miezi minane, akamwambia aite gari la wagonjwa sasa hivi, asingoje uchungu. Alimpigia mzee mwenye mtungi wa hewa ya kupumulia. Jina la kumi na tano lilikuwa la mfugaji mmoja wa Kizungu, jirani wa mbali, aliyekwenda mji mkuu kutoa ushahidi dhidi yetu. Mke wake ana kifafa.

"Alvina? Unataka nini wewe?"

"Simu itakufa baada ya dakika nane. Kama mkeo anahitaji daktari, mpigie sasa. Ukimaliza, chota maji uyaweke ndani."

"Nani kakwambia itakufa?"

"Mimi ndiye ninayezipima," alisema, akakata.

Coleen aliona mama yake ameshika kifua kwa mkono wa kushoto. Alimwomba aache, aombe gari lake mwenyewe. "Wamebaki wawili," Alvina alisema. Alimpigia wa kumi na sita. Alipokuwa anazungumza na wa kumi na saba, saa tisa kasoro robo, simu ilikatika katikati ya neno. Alirudisha mkono wa simu mahali pake taratibu, kisha akaanguka, Coleen akamlaza kitandani.

Loren alitoka na gari kwenda kutafuta msaada. Alifika kilomita tatu tu, gari likazama, akarudi kwa miguu, nyusi zake zikiwa zimeganda. Alisimama jikoni akiliuliza jiko hali ya mgonjwa. Ndipo sauti ikatoka chumbani, ile ile ya kituoni, kavu na inayosikika.

"Loren."

Hakuwahi kulitamka jina hilo mbele yake. Loren aliingia, akasimama mlangoni akiwa ameinamisha kichwa. Alvina alikuwa ameondoa shali usoni.

"Nitazame, mwanangu. Dakika arobaini. Uliniuliza. Ni dakika arobaini."

"Nimesikia, mama," alisema Loren.

Alifariki saa kumi na dakika hamsini jioni, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Gari la wagonjwa lilitufikia kesho yake adhuhuri. Mtoto wa akina Red Bow alizaliwa salama hospitalini, ni wa kike, na wazazi wake wameomba kumwita Alvina. Mfugaji yule na mke wake wako nasi leo, wameketi nyuma pale, tumewapa supu kama wengine.

Marehemu ameacha binti yake Coleen, mwanawe Raymond, mkwe wake Loren, shemeji yake Wendell, wajukuu watano, na mimi niliyeandika na kusoma wasifu huu, mtoto wa mdogo wake, niliyemwita mama tangu nilipojua kusema. Blanketi la nyota lililomfunika, tunalowafunikia wafu wetu, alilishona mwenyewe mwezi Desemba. Alisema hana haja ya kueleza kwa nini.

Kikao cha tarehe 21 Februari kipo pale pale. Tume imemwandikia Loren kwamba jibu la mtu asiyeweza kuapishwa haliwezi kupokelewa. Loren amesema atakwenda, atauliza swali lake, na atakitazama kiti kitupu cha shahidi.

Wendell anasema upepo umegeuka na mawingu yamekaa vibaya, kwa hiyo tutamzika upesi ili wa mbali wafike kwao. Umeme umesharudi, na betri zilizopo kituoni ni zile zile. Karatasi ya mama ameichukua Coleen. Ukifika kwako leo, ukaona taa imezimika, usingoje: tazama saa, kisha mpigie jirani yako.

Mama Alvina, umejibu. Pumzika sasa kwa amani.