Santuri ya Mama Yenu

Sikilizeni wanangu, na msinijibu, maana masikio yangu yameziba mwaka wa nne huu na mkijibu mtanichosha bure kutazama midomo. Daftari hilo hapo na kalamu yake. Mwenye neno ataandika mwishoni, tena kwa herufi kubwa. Nikipaza sauti kupita kiasi, wewe mkubwa uninyooshee kiganja kama unavyowafanyia wanafunzi wako. Mdogo wenu nimemtuma duka la dawa makusudi. Dawa zipo, zimejaa hapa chini ya mto. Nilitaka niseme na nyinyi wawili kwanza, yaliyobaki niyaseme akiwa amekaa.

Nianze na mepesi. Gramafoni la pembe ya shaba, lile la dirishani, ni lako mkubwa. Nililikuta kwa fundi mwenzangu wa cherehani, kuku ametaga ndani ya pembe, na mwenyewe akaona nimerukwa na akili kumtengenezea cherehani mbili kwa ajili ya kiota. Springi yake niliikunja upya kwa mikono hii, wiki nzima, ikanikata vidole viwili. Unapoizungusha usiikaze mpaka mwisho, acha mizunguko miwili, maana kitu kikikazwa mpaka mwisho hukatika, hata mwanafunzi. Lile la sanduku, la kubeba mkononi, ni lako binti yangu muuguzi. Ukitoka zamu umechoka, weka upande mmoja tu, unyooshe miguu, usimpokee mtu simu.

Santuri mtagawana watatu sawasawa. Zisimame kama vitabu, msizilaze, zikilala hupinda. Na sindano moja ni ya upande mmoja, ukiisha, itupeni. Mlikuwa mkiniita mbadhirifu. Sindano ya chuma imefanywa laini makusudi ili iliwe yenyewe badala ya santuri, na ikifika mwisho wa upande imekwisha kuchongeka, imepata makali, ukiirudisha mwanzo inakuwa jembe. Hili nimewafundisha watu wazima mpaka wakanikimbia. Mwalimu mstaafu wa mtaa wa nyuma ndiye peke yake aliyevumilia, na yeye nimemlipa ubaya: kasha lenye alama ya chaki nyekundu ni lake, aliniazima nikamwambia wiki moja, na wiki hiyo sasa ina miaka kumi na tisa. Kila tukikutana huniuliza, "Wagonjwa wangu hawajambo?" Mrudishieni, na mmwambie santuri ya tatu niliipenda mno, ndiyo sababu.

Kweli nilizipenda. Nisiwadanganye kwamba ilikuwa kazi au elimu, ilikuwa raha. Mtu aliyekufa kabla sijazaliwa anasafisha koo, anavuta pumzi, halafu anaimba humu chumbani mwangu, nami nimekaa na singlendi na kikombe cha chai. Nilikuwa natoka kwenye mafuta ya cherehani nimevunjika mgongo, nikisikia ule mkwaruzo wa kwanza, kama mafuta yanayopata moto kikaangoni, mgongo unapona. Watu wana dawa zao.

Sasa ile isiyo na karatasi katikati, iliyofungwa kwenye foronya ndani ya kabati, ufunguo ninao shingoni. Mnaijua. Nyinyi wawili mlikuwepo ilipokatwa. Alikuja mtu na mashine ya kuchonga sauti, akapanga chumba nyuma ya duka la mpiga picha, dakika tatu kwa kila mteja. Nikampeleka mama yenu, tumbo lake la mdogo wenu limefika mwezi wa saba, nikamwambia sema chochote. Akaona haya, akaziba mdomo kwa kanga. Kisha akasema, mnakumbuka? "Kwani imeanza? Mimi nimeacha sufuria motoni. Wewe, toa kidole puani, watu wanakutazama." Kidole hicho kilikuwa chako, mkubwa. Halafu akacheka mpaka mashine ikaruka. Basi. Sufuria, kidole, kicheko, na mwishoni akauliza kama anaweza kwenda. Hakumtaja aliye tumboni, nani alijua? Miezi miwili baadaye alimzaa, na hakuona jua la siku ya pili.

Mjomba wenu, kaka yake, alikuja mwaka uliofuata na mashine ya kanda mgongoni, kaibeba kutoka stendi kwa miguu. Akaniambia, "Shemeji, tuihamishe sauti ya dada yangu, hiyo santuri ni bati lililopakwa rangi, laini kuliko kucha, haitafika mbali." Alisema kweli, na mimi fundi nilijua anasema kweli. Lakini nilikuwa na kiburi cha watu wa santuri, nikamjibu kwamba kanda ni ya wavivu, kwamba sauti si uji wa kuhamishwa bakuli. Nikamfungulia mlango atoke. Hakukanyaga hapa tena, hata mlipooa na kuolewa. Nendeni kwake mkaniombee radhi. Mwambieni shemeji yake amekiri. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekuja na ndevu.

Maana niliipiga, wanangu. Ijumaa, kisha Ijumaa na Jumatatu, kisha kila nilipoona dunia imenizidi. Nilibadili sindano kila mara, nikajidanganya kwamba natunza. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kicheko kikaanza kuwa na vumbi, nikasema ni mashine. Halafu masikio yakaziba, na hapo mtu mwenye haya angeacha. Mimi niliendelea. Niliuma ukingo wa kasha la gramafoni kwa meno, mtetemo ukipanda kwenye taya, ukanifanya nidhani namsikia. Yale makovu kwenye mbao, binti yangu, si panya. Ulileta sumu, ukaleta na paka, nami nikakaa kimya nikamlisha paka. Kwa hiyo sijui kama mle ndani kumebaki mtu. Miaka minne nimekuwa nikiuma mbao, na huenda nilikuwa nauma mkwaruzo mtupu.

Pazia limecheza. Ameingia. Weka dawa popote, mama, kaa hapa karibu nikuone uso. Wewe mkubwa mpishe.

Kitindamimba wangu, nina neno lako na ni zito. Ulipokuwa na miaka tisa uliniuliza kama ni kweli mama yako yumo kwenye santuri, nikakwambia imevunjika. Haikuvunjika. Nilikunyima. Nilikutazama nikasema moyoni, huyu ndiye aliyemwondoa, asipate na sauti. Mtoto mchanga aliyeingia duniani akilia kama wenzake wote, nikamfanyia kesi miaka arobaini na moja. Nguo nilikununulia, shule nilikupeleka, homa zako nilikesha nazo, watu wakanisifu. Lakini kile kimoja ulichokitaka nilikifungia kabatini nikawa nakila peke yangu. Sina la kujitetea. Umenipikia, umeniogesha, na ufunguo ulikuwa unauona shingoni kila siku unaponipaka mafuta, hukuuliza tena.

Chukua. Vuta kamba, usiogope, shingo yenyewe si ya kudumu. Fungua. Ni yako sasa, peke yako, haimo kwenye mgawo. Itoe kwenye foronya kwa kushika pembeni. Mkubwa, mzungushie gramafoni, acha miwili. Sindano mpya ipo kwenye kopo la vifungo. Na wewe binti, toa simu yako uiweke karibu na pembe, uirekodi. Ndiyo, mimi nasema hivyo, mimi niliyemfukuza mjomba wenu. Haya, shusha. Taratibu. Mimi sitasikia kitu, nitakutazama wewe.

Inazunguka. Naiona.

Sogeza uso kwenye mwanga, mama.

Mkubwa, mbona unatazama sakafu? Nimekwambia tazama mashine. Na wewe muuguzi, mkono wa nini mdomoni?

Imefika katikati. Inua sindano, imetosha.

Usiongee, andika. Andika amekwambia nini mama yako. Moyo wangu unakwenda mbio kama wa kijana. Nipe miwani. Nasoma, nasoma. "Baba, nimemsikia. Amesema ananipenda, na amesema nikutunze."

Ndiyo.

Ndivyo, mwanangu. Ndivyo alivyosema, neno kwa neno. Ana sauti nzuri, sio? Nilikuwa sitaki uambiwe na mtu, nilitaka usikie mwenyewe.

Nipeni maji. Kidogo. Binti yangu, izime hiyo simu, na ulichorekodi ukifute. Mtu asikirudie. Santuri irudishwe kwenye foronya, isipigwe tena.

Nimechoka, pumzi imekuwa fupi. Mnizike mapema, msisubiri walio mbali. Wafu wangu hawa wa kwenye santuri msiwauze mmoja mmoja. Sogeeni niwashike, hata mkono mmoja mmoja. Radhi zangu mnazo, wote watatu, na wewe wa mwisho unazo mara mbili, kwa yale ya zamani na kwa hili la leo. Mungu awafungulie milango. Awape watoto wenye moyo kama... kama wa huyu.

Bado moja. Mkubwa. Na wewe, dada yake. Nyinyi mlikuwepo siku ile kwa mpiga picha, mlisikia kwa masikio yenu. Nauliza mbele ya mdogo wenu. Si ndivyo alivyosema mama yenu?

Tikiseni vichwa.

Wewe pia, mkubwa. Inua uso, akuone.